Mwaka Niliodaka Mipira ya Nestori

Habari ya kifo cha Mwalimu Ruhaga ilinifikia dukani kwangu Kibondo, nikiwa namkatia mteja nondo. Simu iliita, nikaibana begani, nikasikia sauti ya binti yake mkubwa ikisema kwa utulivu kwamba baba amepumzika, mazishi ni keshokutwa Kasulu, na familia ingependa niseme machache kwa niaba ya wanafunzi wake wa zamani. Nikasema ndiyo, nitakuja, poleni sana. Kisha nikauliza swali ambalo nilijua si la wakati ule: "Na Nestori mmemwambia?" Akajibu kwamba wamemwambia, naye amesema atakuja. Nilirudi kwenye zile nondo nikakosea kipimo mara mbili. Mungu anisamehe, si msiba ulionitetemesha. Mwalimu alikuwa mzee, na aliugua muda mrefu. Kilichonitetemesha ni kwamba ningesimama mbele za watu kumsifu kwa mambo ya mwaka ule mmoja, na Nestori Bukuru angekuwa ameketi pale akinisikiliza.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa kidato cha sita. Mimi na Nestori tulikaa Kasulu nyumbani kwa shangazi yangu, Bi Mwanaidi, katika chumba cha uani kilichokuwa zamani stoo ya duka. Harufu ya stoo haikuwahi kutoka: mawese, magunia, sabuni ya mche. Kulikuwa na vitanda viwili vya kamba, dirisha moja la mbao ambalo likifunguka halifungiki, na msumari ukutani tulikotundika sare za shule. Nestori alitoka Mabamba, kule mpakani, alikuwa mrefu na mkimya, mtu wa kuinama kila mlangoni hata milango isiyomhitaji kuinama. Kwa kuwa shule haikuwa na nafasi bwenini na yeye hakuwa na ndugu mjini, nilimwomba shangazi, naye akasema, "Mwite aje, lakini mwambie humu ndani hatupiki nguruwe." Nestori alipoelezwa hayo akajibu kwamba hata kwao hawapiki, yeye ni Mlokole. Basi wakaelewana. Tulikula uani juu ya mkeka, shangazi, mimi na yeye: ugali wa muhogo na maharage ya mawese, siku nyingine migebuka kutoka ziwani, na mara chache, mfanyabiashara akileta nazi, shangazi alipika wali wa kwao Tanga na kumtazama Nestori usoni kuona kama ameupenda. Alikuwa anakula polepole, akishukuru kila mwisho wa tonge, mpaka shangazi akamwambia hapa si kanisani.

Mwalimu Ruhaga alifundisha jiografia, na michezo pia kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Alikuwa ametoka semina Dar es Salaam na mfuko mkubwa wa turubai, ndani yake mna glavu sita za ngozi, mipira midogo migumu yenye mishono myekundu, na magongo mawili. Mchezo huo unaitwa besiboli, alituambia, na kabla hatujacheka akaanza kuueleza. Mmoja anasimama juu ya kichuguu kidogo na kurusha mpira. Mwingine anasimama mbele yake na gongo, anajaribu kuupiga. Nyuma ya mwenye gongo anachuchumaa mdakaji, anaupokea ule uliomshinda mpigaji. Mengine mtayajua mbele ya safari, alisema. Akatupanga mstari, kila mtu arushe mipira kumi kwenye duara alilochora kwa chokaa ukutani mwa maabara. Wengi wetu tulikosa hata ukuta. Nestori, ambaye tangu anajua kusimama alikuwa akifukuza ndege na ngedere katika mtama wa mama yake kwa mawe, alirusha kumi, na tisa iliacha alama nyeupe ndani ya duara. Ule wa kumi ulivunja kioo cha dirisha, kwa sababu vumbi la chokaa lilikuwa limemwingia jichoni. Mwalimu hakukasirika kwa ajili ya kioo. Alikwenda akaziangalia zile alama kwa karibu, akiwa ameshika miwani mkononi, kisha akauliza nani hapa haogopi kuumia. Nikanyoosha mkono. Ndivyo nilivyokuwa mdakaji.

Sikuwa na vifaa vya kazi hiyo. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea kofia ya nondo nyembamba ya kuziba uso, na kifua nilikikinga kwa kipande cha godoro nilichokifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kila jioni baada ya vipindi nilichuchumaa kwenye ule udongo mwekundu, Nestori akapanda kichuguu, na mpira ukanijia. Mtu ambaye hajawahi kuudaka mpira wa mrushaji wa kweli hajui. Kabla hujaona kitu, kiganja kimeshapata habari. Baada ya miezi miwili nilikuwa namjua Nestori kwa kiganja kuliko nilivyomjua kwa maneno. Nilijua siku aliyolala vizuri. Nilijua siku aliyopata ujumbe wa nyumbani. Na ni kiganja hicho kilichoniambia, kabla ya mtu yeyote, kwamba kuna jambo haliko sawa.

Hapo tayari ilikuwa imekuja ile habari iliyotunyima usingizi. Shule kadhaa zilikuwa zimeshindana Dar wakati wa likizo, sisi tukaenda tukiwa wa kuchekwa, tukarudi Nestori akiwa amewatoa wapigaji ishirini na wawili katika mechi mbili. Mgeni mmoja kutoka Japani alimpiga picha za video. Mwezi uliofuata Mwalimu aliitwa kwenye simu ya mkuu wa shule, na aliporudi akatukuta chini ya veranda ya maabara, akasimama akiifuta miwani yake muda mrefu hata nikadhani kuna aliyefariki. "Wanakuja kumwona Nestori," alisema. "Timu ya kulipwa, ya Japani. Wanakuja Dar mwezi wa sita. Akiwaridhisha, wanamchukua." Kisha akanigeukia. "Na mrushaji hawezi kuonyesha kitu bila mdakaji anayemjua. Tutakwenda watatu." Nakumbuka nilivyofurahi, na nakumbuka kwamba furaha hiyo haikukaa hata hadi nyumbani. Njiani nilianza kuhesabu wiki. Zilikuwa kumi na moja. Nilianza kuogopa magari, malaria, ngazi zenye utelezi, kila kitu kinachoweza kumpata mtu mmoja katika wiki kumi na moja.

Shangazi ndiye aliyesema kwanza. Tulikuwa tunakula, na Nestori akakata tonge kwa mkono wa kushoto. Katika nyumba ile hilo halikupita. "Nestori, baba," alisema kwa upole, "mkono huo si wa chakula." Nestori akaomba radhi, akabadilisha mkono, na nikaona tonge likisimama katikati ya sahani na mdomo kama limefika mwisho wa kamba. Hakuweza kukunja kiwiko. Aliinamisha kichwa akalifuata tonge. Shangazi aliona, nami niliona. Alimaliza chakula chake kwa namna hiyo, akiinama, na shangazi akasema maharage yamezidi chumvi, ambayo haikuwa kweli.

Chumbani nilimuuliza. Alikaa kitandani, akavua shati kwa kuanza na mkono wa kushoto, akanionyesha. Upande wa ndani wa kiwiko palikuwa pamevimba kama andazi dogo. Alisema panauma akirusha, panauma zaidi akimaliza, na asubuhi panakuwa pamekaza kabisa. Tangu lini? Tangu Dar. Nilimwambia tumwambie Mwalimu. Akatikisa kichwa. "Rashidi, karatasi ya uraia ya mama imetoka mwaka huu," alisema. "Unajua amengoja tangu lini? Alivuka mpaka akiwa msichana. Sasa mimi naweza kuomba pasi ya kusafiria kama mtu mwingine. Mambo yote yamekuja mwaka mmoja. Nikisema mkono unauma, watachukua mwingine." Nikamwambia hakuna mwingine. "Kwa hiyo," alisema, "unaona." Nilimkanda kwa maji ya moto kila asubuhi kwa wiki nzima, shangazi akituachia birika jikoni bila kuuliza ni la nini.

Lakini kiganja hakidanganyiki. Mipira ilianza kushuka kabla ya kunifikia. Ule wake wa kasi, ambao zamani ulifika ukiwa bado una hasira, sasa ulifika umechoka. Siku moja ulidunda mbele yangu, ukanipiga shingoni, na nilipoinua uso nikaona Nestori ameushika mkono kama mtu aliyebeba mtoto. Mwalimu naye aliona. Jumamosi iliyofuata alikodi gari dogo la rafiki yake, akatupeleka Kabanga hospitalini.

Nakumbuka benchi la mbao lililong'aa kwa kukaliwa na watu. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa akimenya chungwa kwa kucha, akampa Nestori nusu bila kumfahamu. Walimpiga picha ya mkono, kisha daktari, mzee mwembamba mwenye sauti ndogo, akaukunja na kuukunjua kwa muda mrefu. Akamwambia Nestori akafungwe bandeji chumba cha pili. Mwalimu alibaki ofisini, mimi nikabaki kwenye benchi, na mlango haukufungwa vizuri.

"Hapa," nilimsikia daktari akisema, na nadhani alikuwa ameinua ile picha dirishani. "Unaona hiki kipande cha mfupa? Kano inakivuta. Kimeanza kuachana na mwenzake. Kijana bado anakua, ni bahati yake. Akipumzika mwaka mmoja bila kurusha, mfupa utashika, atakuwa mzima kabisa."

"Na asipopumzika?" aliuliza Mwalimu.

"Utakatika. Labda mwaka huu, labda mwaka ujao. Ukikatika, mkono huo utamtosha kulima tu, na kulima kwenyewe kwa shida."

Kisha Mwalimu akasema, "Wiki saba, daktari. Nahitaji wiki saba tu."

"Mimi nimekwambia kilichopo kwenye picha," alisema daktari. "Mwelezeni mwenyewe aamue. Ni mtu mzima."

Nestori alipotoka na bandeji yake, Mwalimu alimshika bega. "Daktari amesema ni uchovu wa misuli," alimwambia. "Pumzika wiki mbili, halafu tunaanza pole pole." Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Mwalimu aliniangalia juu ya bega la Nestori, na macho yake hayakuwa ya vitisho. Nimeyafikiria macho yale maisha yangu yote. Yalikuwa ya kuomba.

Jumatatu aliniita ofisini kwake, chumba kidogo chenye ramani ya dunia iliyoliwa na mende upande wa Amerika. Alifunga mlango. "Ulisikia," alisema, si kwa kuuliza. Nikasema nilisikia. Akaniambia kwamba yeye alipokuwa na umri wetu, huko Gwarama, alikuwa akikimbia. Alichaguliwa kwenda kambini na timu ya mkoa. Akavunjika kidole cha mguu, wakamwambia usijali, ngoja, mwakani utakwenda. "Mwakani," alisema, akaitazama ramani. "Mwakani walikuwa wamebadilisha viongozi, na hakuna aliyekuwa na jina langu kwenye karatasi yoyote. Rashidi, kwa watu wa huku kwetu nafasi haipigi hodi mara ya pili. Wale Wajapani wakimkuta mgonjwa, watasema pole, watakwenda Ghana, watakwenda Uganda. Akishafika kule, kule kuna madaktari. Watamtibu wao." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayejishawishi mwenyewe, na nilijua hivyo hata wakati ule. Ningeweza kusema, mwambie basi, aamue mwenyewe kama daktari alivyosema. Sikusema. Nimejipa sababu nyingi kwa miaka yote hii: nilikuwa mdogo, yeye alikuwa mwalimu wangu, alikuwa na nia njema. Zote ni kweli. Lakini ipo nyingine chini yake, nayo ni kwamba nilitaka kwenda Dar. Nilitaka wale wageni wanione na mimi, nikiwa nimechuchumaa na ile kofia yangu ya nondo. Nilijua kwamba Nestori akipumzika, hakuna atakayekuja Kasulu kuniuliza mimi jina langu nani.

Wiki iliyofuata mama yake alikuja. Alishuka kwenye lori la maharage akiwa na kapu kichwani, mwanamke mdogo wa umbo aliyetembea haraka, na nilipomwamkia shikamoo alinishika uso kwa mikono miwili na kuniita mwana wanje, mwanangu, kama vile amenizaa. Alileta ndizi, asali, na maharage mekundu ya mbegu. Shangazi alimpisha jikoni, na siku ile tulikula isombe, kisamvu cha kwao kilichotwangwa laini na kupikwa na mawese mpaka kikawa cheusi. Nestori alikuwa amesharudi shule. Mwalimu alipita kumsalimu mgeni, wakakaa uani, mimi nikiwa ndani nabadilisha shati. Nilimsikia mama akiuliza, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, "Mwalimu, mtoto ana kitambaa mkononi. Ameniambia si kitu. Wewe unasemaje?"

"Ni uchovu, mama. Vijana wanaochezea mkono mmoja wanapata hivyo."

"Mlikwenda Kabanga."

"Tulikwenda. Wamesema apumzike kidogo, na amepumzika."

Mama alianza kuchambua maharage. Mwalimu alipoondoka, aliniita nikae karibu naye, akanipakulia isombe sahani tele, akanitazama nikila. Nilikuwa nimefika katikati ya sahani aliposema, taratibu, asiinue macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa akichambua: "Wewe unalala naye chumba kimoja. Mwalimu ni mtu mkubwa, ana mambo yake mengi. Wewe ni rafiki. Mkono wa mwanangu una nini?"

Nilikunywa maji. "Ni kama Mwalimu alivyosema, mama," nikamwambia. Akasema, "Haya," akaendelea kuchambua. Aliponiongezea isombe nilikula yote, kwa sababu niliona nikiacha hata kijiko kimoja atajua. Nadhani alijua hata hivyo. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, na kuanzia siku ile, kwa mwezi mzima, hakuniita kwa jina.

Zile wiki za mwisho sikulala vizuri na sikusoma kitu. Baada ya mapumziko uvimbe ulikuwa umepungua, na hilo lilinitia hofu zaidi kuliko maumivu yake, kwa maana sasa alifurahi, alicheka, aliniambia, "Unaona, ilikuwa uchovu tu." Alirusha kidogo kidogo, na mipira ikawa imerudisha hasira yake. Nilikuwa nasikiliza kila mmoja. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza paa wakati wa upepo. Kwenye basi la kwenda Dar nilikaa upande wa kulia kwake njia nzima ili mtu asigonge kiwiko kile, na nilipofanya hivyo nilijiona mwema.

Siku yenyewe walikuwa wageni watatu, wawili wenye daftari na mmoja mwenye mashine ndogo ya kupima kasi. Nestori alirusha mipira sitini. Niliihesabu yote. Kwenye arobaini nilianza kusikia, mbali sana, ule uchovu. Ningeweza kuinuka na kusema inatosha. Mdakaji ana haki hiyo, ndiye anayejua. Nilibaki nimechuchumaa, nikanyoosha glavu, nikaomba mwingine. Mzee mwenye mashine alimwonyesha mwenzake namba, mwenzake akaivua kofia yake akaivaa tena. Baadaye walimwuliza Nestori mambo mengi kupitia mkalimani. Mimi hawakuniuliza kitu. Mmoja aliniinamia kwa heshima, akaangalia kofia yangu ya nondo, akatabasamu, basi.

Aliondoka kabla ya mwaka kwisha, akiwa mtu wa kwanza kutoka kwetu kuandikiwa mshahara kwa kazi ya kurusha mpira. Msimu wa kwanza alituma picha shuleni, na Mwalimu akazibandika ubaoni pale penye matokeo ya mitihani: Nestori katika sare nyeupe, Nestori mbele ya theluji akiwa amekunja uso, Nestori mezani na wenzake wakicheka kwa sababu vijiti vya kulia chakula vimemshinda. Timu ilikuwa ya mji mdogo, ligi ya chini, lakini watu walilipa viingilio na walijua jina lake, wakilitamka kwa namna yao. Alishinda mechi tisa. Mwalimu alitembea mjini kama mtu aliyeongezewa urefu. Na mimi nilianza kuamini kwamba labda daktari alikosea, kwamba labda tulifanya vema. Lakini kila simu ya kutoka kule ilipolia, nilikuwa wa kwanza kuogopa. Katikati ya msimu wa pili ilikuja ile niliyokuwa naingoja. Aliniambia kwamba alisikia sauti mkononi kama ukuni mkavu, na mpira ukaenda kwenye watazamaji. Walimpasua, wakamtunza vizuri, wakamngoja miezi mingi. Mkono haukurudi. Mkataba ulipokwisha hawakuandika mwingine, wakamsindikiza wote mpaka uwanja wa ndege, na wengine walilia. Alirudi Mabamba, akanunua mizinga, na mpaka leo anafuga nyuki. Tulionana mara nne au tano katika miaka hiyo yote, daima mbele ya watu, daima nikiwa na haraka ya kuondoka.

Msibani alinikuta nyuma ya nyumba, karibu na masufuria, mahali nilipokuwa nimejificha na karatasi yangu ya hotuba. Amenenepa kidogo, ndevu zina mvi kama zangu. Alinipa mkono wa kushoto. Tuliulizana watoto, tukaulizana mvua. Kisha akasema, akitazama turubai la waombolezaji, "Mwalimu alinifanyia kitu ambacho baba yangu asingeweza. Kaseme hivyo. Kama utashindwa, nitasema mimi."

Nikajua kwamba nikisimama pale na kusema hivyo mbele yake, sitaweza kukaa tena. Nikamwambia. Nilimwambia benchi la Kabanga, mlango usiofungwa, picha dirishani. Niliyasema haraka, nikitazama miguu yake, na nilipofika kwa mama yake na isombe sauti yangu haikuwa na nguvu.

"Daktari alisema nini hasa?" aliuliza. "Maneno yenyewe. Usiyapambe."

"Alisema, akipumzika mwaka mmoja bila kurusha, mfupa utashika, atakuwa mzima kabisa."

"Mwaka mmoja."

"Mwaka mmoja."

Aliikalia ndoo ya maji iliyokuwa imefunikwa pale, mtu mzima, kama mtoto. "Mimi nilidhani nilizaliwa na kiwiko kibovu," alisema. "Nimedhani hivyo miaka yote. Nina kijana, Rashidi. Ana mkono kama wangu. Nimemkataza kurusha hata jiwe la kufukuza ndege, nilifikiri ni ya ukoo." Akakishika kiwiko chake. "Mwalimu aliogopa kungoja, najua, alinisimulia habari zake. Lakini mimi? Mama yangu alingoja karatasi moja tangu ujana wake mpaka akawa na mvi. Sisi kwetu, kama kuna kazi tuliyoijua kuliko zote, ni kungoja. Mwaka mmoja ningengoja bila hata kuhesabu siku. Mngeniuliza tu."

Nilisema nisamehe. Binti wa Mwalimu alikuja akasema zamu yangu imefika. Nestori akanyanyuka kwenye ndoo. "Nenda kaseme," aliniambia. "Watoto wake hawana kosa."

Nikaenda. Nilisema Mwalimu alitufundisha mchezo ambao hakuna aliyeujua, kwamba alitupenda, na kwamba aliogopa kwa ajili yetu kuliko tulivyojiogopea wenyewe. Yote hayo ni kweli na sikuongeza. Watu walipiga makofi kidogo, kama inavyofaa msibani. Nilipoinua macho kumtafuta Nestori, hakuwepo kwenye viti. Nilimwona mbali, kando ya barabara karibu na pikipiki iliyomleta, simu sikioni, akizungumza kwa lugha ya kwao ambayo sisi tuliokulia Kibondo tunaielewa vizuri. Nilimkaribia hadi hatua chache, nikasimama.

"Umenisikia," alikuwa akisema. "Tera. Rusha tu. Hapana, sijalewa, niko msibani. Mkono wako ni mzima. Mwombe mama yako akuonyeshe zilipo glavu, ziko chini ya kitanda." Akasikiliza. "Ukisikia maumivu, unaacha, na unaniambia mimi. Siku hiyo hiyo. Usimwambie mtu mwingine kwanza."

Alikata simu, akaniona. Kisha akapanda pikipiki nyuma ya dereva, akashikilia kwa mkono wa kushoto, na wakaelekea njia ya Kibondo. Nilisimama pale hadi vumbi lao lilipotua, nikarudi kwa wafiwa.